Mwezi wa Ile ya Mbali

Kwanza kabisa, mama yangu hajafa. Nalisema hili mapema kwa sababu mpaka leo nikienda mnadani Shelui sikosi mtu wa kunishika mkono kwa huruma na kuniuliza tulimzika lini. Yuko nyumbani, mzima, anachambua maharage na kumgombeza jogoo. Kilichotokea ni kwamba jioni moja ya kiangazi alikufa kidogo, muda wa kutosha watu kuleta unga, kwa sababu ya shughuli za mdogo wangu.

Mdogo wangu ndiye kitinda mimba wetu na mimi ndimi kifungua mimba. Nilimbeba mgongoni mpaka wapita njia wakadhani ni mwanangu. Mimi nikabaki hapa Misigiri na alizeti na kuku. Yeye akaenda shule, akaenda nyingine, akaendelea kwenda tu, mwisho akawa mtu wa chuo kikuu anayesomea mambo ya angani. Watu wakiniuliza mdogo wako anafanya kazi gani, nilikuwa najibu, "Yuko serikalini," basi yanaisha.

Alichokuwa anasomea hasa ni hiki. Huko mbali sana, kupita sayari zote tulizokariri darasani, kuna sayari ndogo ya barafu. Ina jina lake la kigeni, ila sisi nyumbani hatukulitumia hata siku moja. Mama aliiita "ile ya mbali", jina likakaa. Mdogo wangu alisema barafu ya huko imeganda kwa baridi mpaka ikawa ngumu kama mawe yetu ya Singida. Alisema inazunguka jua polepole kiasi kwamba wazee watatu waliozeeka vizuri, mmoja akimpokea mwenzake, wanakufa kabla haijamaliza mzunguko mmoja. Na ina mwezi. Mwezi mmoja tu, mdogo, ambao hata kwa mitambo mikubwa ya wenzetu ni nukta iliyobanana na nukta nyingine.

"Huo mwezi ndio wangu, dada," aliniambia kwenye simu.

"Hongera," nikamjibu. "Una hati?"

Amenizoea. Aliniacha nikacheka peke yangu, halafu akanieleza taratibu. Kuna jioni moja ambapo ile ya mbali na mwezi wake vingepita mbele ya nyota moja hafifu, nyota ambayo kwa macho matupu huioni. Kitu kikipita mbele ya nyota, mwanga wake unakatika, na kivuli kinakimbia juu ya dunia kama kivuli cha wingu kinavyokimbia juu ya shamba. Aliye ndani ya kivuli hicho na darubini yake ataona nyota imezimika, kisha imewaka tena. Muda iliozimika ndio unaomwambia kitu kilichopita kina upana gani, na mahali aliposimama ndipo panapomwambia kilikuwa wapi.

Kivuli cha sayari yenyewe kingepita kusini huko, baharini na kwenye nchi za watu. Kivuli cha mwezi, kwa hesabu zao, kingepita kwetu. Sikushangaa. Watu wa Iramba tumezoea, vikubwa hupitia kwa wengine.

Lakini kwa mdogo wangu haikuwa utani. Walimu wake walikuwa wamemwambia waziwazi kwamba akirudi na picha safi aliyoichukua kwa mkono wake mwenyewe, atapelekwa nje akamalizie masomo yake ya juu. Akirudi mikono mitupu, atarudi kusahihisha mitihani ya wanafunzi wa wengine, kama alivyokuwa akifanya. Wenzake wawili wangekaa sehemu nyingine, mmoja Shelui na mmoja Unyambwa, ila mstari wa katikati ulikuwa wake, nao ulipita juu ya nyumba yetu. Nafasi kama hiyo, alisema, kivuli hicho kipite nchi yetu na nyota iwe ya kufaa, hajui kama ataipata tena akiwa na meno.

Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe pana, tambarare, tunaloanikia alizeti na mtama. Hata lori likipita barabarani jiwe hilo halitikisiki. Ndilo alilolichagua tangu akiwa Dar es Salaam. Gari la chuo lilimshusha mchana pamoja na masanduku yake, likaendelea Shelui na mwenzake. Alimwamkia mama shikamoo, akanywa maji, akapanda juu ya jiwe. Akatazama upande wa magharibi, akatazama zizi letu lililo chini yake upande huohuo, na nikaona uso wake unabadilika.

"Dada," akasema, "mama bado anawasha moto wa zizi?"

"Sasa awashe nini, redio?"

"Jamani. Nilisahau kabisa moshi."

Nikamwelewa hapohapo.

Kwetu ng'ombe wakirudi jioni, mama huwasha rundo la samadi kavu mlangoni mwa zizi. Moshi wake unafukuza mbu na nzi, na ng'ombe wenyewe wamezoea kulala puani mwao kuna harufu ile. Kiangazi, upepo ukishatulia baada ya jua kuzama, moshi ule haupandi juu. Unatanda palepale juu ya zizi mpaka watu wanapokwenda kulala. Nyota ya mdogo wangu ingekuwa chini, magharibi, juu ya zizi kabisa. Ndani ya moshi.

Mtu wa mjini atasema, si msiwashe siku moja tu? Ndugu yangu, pande zetu hizi moto wa zizi hauachwi. Ni siku moja tu unapoachwa, nayo ni siku mwenye zizi amefariki. Baba alipotutoka, ndugu zake walimwaga maji kwenye majivu, na jioni ile watu wa ng'ambo ya korongo walipoona kwetu hakuna moshi, walikuja bila kutumiwa mtu. Simu zimeingia, kila mtu anayo, lakini mtu wa kwetu bado hutoka nje magharibi ikiingia, akatupia macho moshi wa majirani zake, ndipo aingie kula. Mimi mwenyewe nafanya hivyo. Zizi lile sasa mwenyewe ni mama.

Tukamfuata jikoni, tukakaa kwenye vigoda kama watoto waliovunja kitu. Mdogo wangu akaeleza yote tangu mwanzo, ile ya mbali, mwezi wake, nyota, kivuli, moshi. Mama alikuwa anapukuchua mahindi na hakuacha.

"Kwa hiyo unataka nife," akasema.

"Mama, jioni moja tu."

"Kufa huwa ni jioni moja tu."

Nikataka kucheka, nikaona si mahali pake. Mama akapukuchua gunzi lile mpaka likaisha, akachukua jingine. Kisha akauliza kile ambacho mimi sikuthubutu kukiuliza tangu ile simu.

"Ukikipata hicho kivuli, unakwenda?"

"Nakwenda, mama."

"Muda gani?"

"Miaka kadhaa. Labda na zaidi, kazi zake nyingi ziko huko huko."

Mama ni mtu mzima sana, na ana moyo ambao daktari wa Kiomboi amekwisha kutuambia tusiukimbize. Sote watatu tulijua hesabu hiyo na hakuna aliyeitamka. Mdogo wangu alitazama chini. Na mimi, nisiseme uongo, kwa dakika ile niliomba moyoni mama akatae. Nilitaka moto uwake, moshi utande, huyu mtoto arudi kusahihisha mitihani yake Dar, mahali ambapo basi linaondoka asubuhi na jioni umefika.

"Moto hautawashwa," mama akasema.

Nikashauri basi nipite kwa majirani niwaambie, wasije wakashtuka. Hapo mama akawa mkali. Niwaambie nini? Kwamba amezima zizi la marehemu baba yetu kwa ajili ya nyota isiyoonekana? Hakuna haja ya kujitangaza. Giza likiingia hakuna atakayetambua, na kesho atawasha kama kawaida. Mama yangu akishasema hivyo, unaweza kwenda kubishana na lile jiwe, litakusikiliza zaidi.

Ng'ombe wakarudi, wakafika mlangoni mwa zizi, wakasimama. Hawakutaka kuingia. Mama alikaa nao pale muda mrefu, ana tawi la majani mkononi, akiwapungia nzi mmoja mmoja na kuwasemesha kwa Kinyiramba, mpaka yule jike mzee akakubali na wengine wakamfuata. Jua likazama safi kabisa. Nilikuwa sijawahi kuliona zizi letu vile, na sikupenda.

Mdogo wangu alikwisha kusimamisha darubini yake, kitu kinene kifupi kama pipa la mafuta ya alizeti, na kamera nyuma yake, na waya ukiingia kwenye kompyuta. Akatoa amri. Taa ya sola izimwe. Jiko lifunikwe. Simu zizimwe kabisa, si kuwekwa kimya, maana zikiita zitawaka na mwanga wake utamharibia. Tukazima. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Yeye mwenyewe akakaa juu ya jiwe, akajifunika blanketi gubigubi pamoja na kompyuta yake ili mwanga wa kioo usitoke. Mama akakaa kando yake kwenye kigoda, nami chini yao.

Sasa hebu jiweke mahali pa jirani. Unatoka nje jioni, zizi la bibi halina moshi. Unasubiri kidogo, hakuna. Unapiga simu yake, haipatikani. Unampigia bintiye, haipatikani. Unatazama nyumba, giza tupu. Na mchana watu wameona gari la kigeni limekuja na masanduku marefu. Ungefanya nini?

Tuliusikia wimbo kwanza. Ulitoka upande wa korongo, wimbo wa msiba, wanaume kwa sauti nzito na wanawake juu yao. Nikawaza ni nani tena aliyefariki, maskini. Wimbo ukawa unakuja kwetu. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wanakwenda kwa nani?" na kabla sijamjibu nikaelewa.

"Dada, kuna nini?" blanketi likauliza. "Zimebaki dakika chache. Dada, tochi hizo!"

Walikuwa kama nusu ya kitongoji. Mbele yao mzee wa kanisa na tochi kubwa, nyuma wanawake na ndoo za unga kichwani, na jirani yetu mmoja, ambaye mimi na yeye hatujawahi kupatana kuhusu mbuzi wake, amekumbatia kuku na machozi yanamtoka. Tochi ya mzee ikapanda juu ya jiwe, ikaangukia kwenye blanketi. Walichokiona wao ni mwili wa mtu umefunikwa, juu ya jiwe, nje, gizani. Jirani yule akaachia kuku na kuangua kilio.

"Mnamlilia nani?" mama akauliza, pale pale kando, kutoka kwenye kigoda.

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Mtu mmoja nyuma alikimbia, na tulimjua baadaye ni nani, tunamkumbusha kila Krismasi. Mzee wa kanisa akageuza tochi, ikammulika mama usoni, mama akakunja uso.

"Zimeni tochi," akasema. "Zote. Kaeni chini. Mtoto wangu ana kazi."

Wakazima. Nani atakataa amri ya marehemu? Walikaa palepale walipokuwa wamesimama, kwenye mawe, kwenye majani makavu, unga mapajani. Na hapo ndipo pikipiki ikatokea barabarani, imepakia wengine wawili waliochelewa, taa yake kubwa ikaanza kupanda njia yetu moja kwa moja kuelekea kwenye jiwe. Sikufikiri. Nilishuka mbio, umri wangu huu na magoti yangu haya, nikavua kanga ya juu na kuitupa juu ya ile taa, nikaikumbatia kwa mikono yote miwili. Dereva akauliza kama nimechanganyikiwa kwa uchungu. Nikamwambia ndiyo, azime.

Nikabaki pale nimekumbatia pikipiki yenye joto, natazama juu. Hakukuwa na chochote cha kuona. Nyota zilikuwa zimejaa kama kawaida ya kiangazi chetu, na ile ya mdogo wangu hakuna jicho lililoweza kuitofautisha. Umati mzima umekaa, unatazama blanketi. Nilimsahau daktari, nikaisahau miaka kadhaa. Nilitaka tu aipate, ile picha, niliitaka mpaka meno yakaniuma.

"Imezimika," blanketi likasema.

Tukashika pumzi, wote, hata waliokuwa hawajui nini kimezimika. Ilikuwa ni muda wa kumeza mafunda mawili ya chai ya moto.

"Imewaka."

Halafu tukasikia kilio cha kweli jioni ile, cha mdogo wangu chini ya blanketi. Mama aliingiza mkono ndani na kumpapasa kichwa bila kumfunua, asije akaharibu kitu.

Baada ya muda akatoka na kompyuta yake, macho yamevimba, akamwonyesha mama kwanza. Kisha kila aliyekuja kulia akapanga foleni juu ya jiwe kuona. Ilikuwa nukta ndogo nyeupe kati ya nukta nyingine. Inakaa, inakaa, haipo. Zile nyingine zote zipo, yenyewe haipo. Halafu ipo.

"Ndiyo hicho tu?" mzee wa kanisa akauliza.

"Ndiyo hicho tu, baba," mdogo wangu akasema. "Huo ni mwezi umepita."

Mzee akaomba aone tena. Aliona mara kadhaa, na alipokwenda kukaa alisema kwa wenzake kwamba kama si kufa kwa bibi, asingejua.

Unga haukurudishwa. Jirani alipouliza kwa adabu kuhusu kuku wake, mama alimwuliza kama anataka apewe ili siku nyingine asumbuke kumleta tena. Tukawasha mafiga, tukasonga ugali wa msiba wa mama, na mama akala vizuri kuliko wote. Watu walikaa, wakasimulia habari zake kama zinavyosimuliwa za marehemu, ila sasa mwenyewe yupo na anawasahihisha. Nani alimfundisha nani kukamua alizeti, nani alipewa ndama mwaka wa njaa. Nilijua kwamba mama anapendwa. Sikujua kwamba anapendwa kiasi kile, na kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba hakuniruhusu nipite kwa majirani.

Walipoanza kuondoka nilipanda juu ya jiwe na kikombe cha chai cha mdogo wangu. Alikuwa amekaa na mama, masanduku yamefungwa. Nilisikia anamwambia kwamba wenzake wa Shelui na Unyambwa hawakupata kitu, kivuli kiliwapita pembeni, kwetu tu ndiko kilikofika. Mama akamwuliza kama basi sasa watampeleka. Akasema ndiyo, watampeleka.

"Sasa sikiliza," mama akamwambia. "Watu wamekuja. Wimbo umeimbwa, unga umeletwa, nimeliliwa mpaka nikaona haya. Na wewe ulikuwepo. Siku yenyewe ikija nawe uko huko kwenye baridi, usije ukajisumbua kwamba hukuwahi. Ulishawahi."

Mdogo wangu alimlalia begani, mama akamvutia kanga yake, na mimi nikashuka na kikombe kilekile kwenda kuangalia chai, maana lazima mtu mmoja aangalie chai.